Kutu, Chombo na Zana: Kutoka Mtepe wa Pwani hadi Mashua ya Kamere

I. Utangulizi

Kamere ni mahali padogo kusini mwa Ziwa Naivasha, katika eneo la Nakuru, ambapo wavuvi hupandisha mashua zao ufukoni na kuuza samaki. Kutoka hapo hadi Bahari ya Hindi ni mwendo wa zaidi ya kilomita 500, na ziwa lenyewe liko karibu mita 1,890 juu ya usawa wa bahari. Maji yake ni maji baridi yasiyo na chumvi ya kuhisiwa ulimini. Msomaji ana haki basi ya kuuliza: Kamere ina uhusiano gani na suala la kutu, ambalo tumezoea kulihesabu kuwa ni balaa la watu wa pwani?

Uhusiano huo umo ndani ya mbao za mashua yenyewe. Mashua ya mbao inayoelea Kamere imeungwa kwa misumari, na msumari ni mgeni katika vyombo vya Afrika Mashariki. Kwa karne nyingi vyombo vya bahari na vya maziwa makuu vilishonwa. Msumari ulipoingia uliingia pamoja na adui wake, na mafundi walilazimika kutafuta namna ya kumzuia. Makala haya yanakusudia kueleza historia ya jitihada hiyo, na kuonyesha kwamba ilipita katika njia tatu: kwanza kumwepuka adui, pili kumfunikia chuma, na tatu kumtolea kafara. Aidha tutaona kwamba kila njia iliacha maneno yake katika Kiswahili, na kwamba maneno hayo ni sehemu ya ujuzi wenyewe, wala si pambo lake.

II. Tabia ya kutu

Kabla ya kuingia katika historia ni vyema tukumbushane tabia ya adui huyu. Kutu hutokea pale chuma kinapokutana na maji na hewa kwa pamoja. Kimoja kikikosekana, kutu haiendelei. Chuma kilichomo katika hewa kavu hakishiki kutu, na chuma kilichozibwa kisipate hewa hukaa muda mrefu hata kikiwa chini ya maji.

Chumvi huongeza shari kwa njia tatu. Huyafanya maji yapitishe umeme kwa urahisi, nako kula kwa kutu ni kazi ya umeme mdogo unaopita kati ya sehemu moja ya chuma na nyingine. Huivunja ile ngozi nyembamba ambayo chuma hujivika chenyewe. Tena huvuta unyevu kutoka hewani, hata zana iliyowekwa ndani ya nyumba karibu na pwani hubaki imelowa bila kunyeshewa. Ndiyo sababu panga lililosahauliwa nje kwa usiku mmoja Lamu au Mombasa huweza kuamkia na madoa mekundu.

Katika chombo cha mbao hasara huwa maradufu. Kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma kilichoizaa, kwa hiyo msumari unaokula kutu huvimba na kuipasua mbao. Pamoja na hayo, kemikali zinazotokana na kuliwa kwa chuma huiozesha mbao iliyouzunguka. Tundu hupanuka, msumari hulegea, na ubao huachana na ubao. Baharia huona maji yanaingia asijue yanaingilia wapi. Wahenga walisema, kikulacho ki nguoni mwako. Na katika chombo cha misumari, kinachokula kimo mbavuni.

III. Kumwepuka adui: chombo kilichoshonwa

Kitabu cha Kigiriki kiitwacho Periplus, kilichoandikwa katika karne ya kwanza baada ya Kristo, kinaeleza biashara ya pwani yetu na kuutaja mji wa Rhapta, ambao jina lake kinalihusisha na vyombo vya kushonwa. Kitabu hichohicho kinataja bidhaa zilizoletwa pwani hii kwa biashara, na miongoni mwake mlikuwa mikuki, mashoka, visu na nyiro za kutobolea. Jambo hili lastahili kuzingatiwa. Watu walioshona vyombo vyao hawakuwa watu wasiojua chuma. Walikuwa nacho mikononi, wakakitumia kukatia na kutobolea mbao, lakini hawakukiacha ndani ya chombo.

Ushahidi wa baadaye unatia nguvu hoja hii. Al-Idrisi, aliyemaliza kitabu chake mwaka 1154, anawataja watu wa Malindi kuwa wana machimbo ya chuma na kukifanyia biashara. Wachimbuzi wa mambo ya kale wamekuta mabaki ya kazi ya uhunzi huko Shanga, katika kisiwa cha Pate, na huko Galu, kusini mwa Mombasa. Hata hivyo, Wareno walipofika pwani hizi mwaka 1498 waliviona vyombo vikubwa vya biashara ambavyo mbao zake ziliungwa kwa kamba bila msumari wowote.

Chombo mashuhuri cha aina hii ni mtepe, uliokuwa ukiundwa hasa na Wabajuni na watu wa visiwa vya Lamu. Mbao ziliwekwa ukingo kwa ukingo, zikashikizwa kwa vigingi vya mti, kisha zikashonwa kwa kamba ya makumbi ya nazi. Makumbi yenyewe huzikwa katika matope ya ufuko yapigwayo na maji ya bahari, yakae miezi mingi mpaka nyuzi zilegee, ndipo zipondwe na kusokotwa. Maji yanayokila chuma ndiyo hayohayo yanayoikomaza kamba. Fundi wa mtepe alichagua kifungo kinachopatana na bahari.

Je, walishona kwa sababu ya kuogopa kutu? Hapa hatuna budi kuwa waangalifu. Ibn Battuta, aliyeitembelea pwani hii mwaka 1331, anaeleza kwingineko katika safari zake kwamba chombo cha misumari huvunjika kikigonga mwamba, ilhali kilichoshonwa hunyumbuka. Hataji kutu. Palikuwako pia hadithi iliyosimuliwa na mabaharia wa zamani kwamba baharini kuna milima ya sumaku inayong'oa misumari ya vyombo, hadithi ambayo hapana mtu aliyeithibitisha. Gharama nayo ilikuwa sababu: mnazi ulikuwa uani, na chuma kililipiwa. Lisilo na shaka ni matokeo. Kwa sababu yoyote waliyokuwa nayo, waundaji wa mtepe waliufikisha baharini mwili usio na kitu cha kuliwa na kutu.

Njia hiyo ilikuwa na bei yake. Mtepe ulivuja sana, na mabaharia walishinda wakifua maji. Kamba zilichakaa, ikabidi chombo kishonwe upya baada ya muda. Majahazi ya misumari yalipozidi, mtepe ulirudi nyuma hatua kwa hatua, na mwanzoni mwa karne ya ishirini ukafikia kikomo. Mtepe ulioundwa Zanzibar mwaka 2003 ulikuwa wa maonyesho na kumbukumbu.

Lugha yenyewe yatoa fununu. Neno chuma ni la Kibantu, la asili yetu. Msumari limetoka katika Kiarabu. Kukopa neno peke yake si uthibitisho wa kukopa kitu, lakini tofauti ya maneno haya mawili inapatana na historia: chuma kilikuwa chetu tangu zamani, bali desturi ya kukipigilia ndani ya chombo ilikuja baadaye.

IV. Kukifunika chuma: sifa, deheni na grisi

Msumari ulipokubaliwa, mafundi wa majahazi hawakuupigilia mtupu. Waliuzungushia nyuzi za pamba zilizolowekwa mafuta chini ya kichwa chake, kisha wakaugongomea katika tundu lililokwisha kutobolewa kwa keekee. Nyuzi hizo ziliziba njia ya maji, na mafuta yalikaa baina ya chuma na unyevu. Pengo la mbao na mbao lilitiwa kalafati, yaani pamba iliyosindikwa kwa patasi butu. Neno hili limesafiri sana: Waarabu wanalo, na Wareno na Waitalia wanalo pia, kwa kuwa mabaharia wa bahari mbili walifundishana kazi hii.

Juu ya maji mwili wa chombo ulipakwa sifa, yaani mafuta ya papa na samaki wengine wakubwa, ambayo harufu yake humtambulisha mgeni bandarini kabla hajaiona bandari. Chini ya maji ulipakwa deheni, mchanganyiko wa chokaa na shahamu. Deheni ilikusudiwa hasa kuwazuia wadudu watoboao mbao, lakini ilivifunika pia vichwa vya misumari, na chokaa kwa tabia yake hupunguza ukali wa kutu. Kazi hii haikufanywa mara moja ikaachwa. Chombo kilipwelewa kwa makusudi wakati wa maji kupwa, kikakwanguliwa, kikakaushwa na kupakwa upya. Aliyeahirisha kazi hiyo alilipa baharini, na ndipo tunapouelewa vyema usemi wa wahenga: usipoziba ufa, utajenga ukuta.

Zana za fundi zilitunzwa kwa kanuni hiyohiyo. Tezo, patasi na msumeno vilifutwa jasho la mkono na maji ya chumvi, vikapakwa mafuta, navyo vikawekwa mahali palipoinuka mbali na sakafu yenye unyevu. Kunoa nako kulikuwa kinga, kwani kila anaponoa fundi huondoa kutu ingali changa. Kinolewacho hupata, na tunaweza kuongeza kwamba kinolewacho hakipati nafasi ya kuliwa.

Mfano mkubwa kuliko yote wa njia hii haupo baharini, bali katika Ziwa Tanganyika. Mwaka 1913 Wajerumani waliunda huko Papenburg meli iliyoitwa Graf von Götzen. Ilivunjwa vipande, ikatiwa katika masanduku yapatayo 5,000, ikapelekwa kwa bahari hadi Dar es Salaam na kwa reli hadi Kigoma, ambako ilishushwa majini mwaka 1915. Mwezi wa Julai mwaka 1916, majeshi ya adui yalipokaribia, wahandisi wake waliamriwa kuizamisha. Walitii, lakini kabla ya kuizamisha waliipaka mitambo yake grisi nzito, wakitumaini kwamba siku moja itaibuka. Wabelgiji waliiinua, nayo ikazama tena katika dhoruba. Waingereza waliiinua mwezi wa Machi mwaka 1924 wakakuta mitambo ingali inafaa kutengenezwa. Mwaka 1927 ilirudi kazini kwa jina la Liemba, na ikaendelea kuwabeba abiria wa ziwa hilo hata katika karne hii ya ishirini na moja.

Hapana shaka maji baridi ya Tanganyika yaliisaidia meli hiyo. Katika maji ya chumvi grisi peke yake ingelipatwa na mtihani mkubwa zaidi. Hata hivyo, funzo li wazi. Wahandisi wale na fundi wa Lamu, kila mmoja kwa lugha yake, walijua jambo moja: kinachookoa chuma ni kile kilichopakwa kabla ya maji kufika. Rangi inayopakwa juu ya kutu huificha tu, na kutu huendelea kula chini yake.

V. Kumtolea kafara: zinki

Njia ya tatu ilizuka katika kosa la wageni. Mwaka 1761 jeshi la maji la Uingereza liliivika manowari yake iitwayo Alarm mabamba ya shaba ili kuwazuia wadudu wa mbao. Ilipokaguliwa mwaka 1763 ilionekana kwamba misumari ya chuma iliyogusana na shaba imeliwa vibaya, lakini mahali ambapo karatasi ilisalia baina ya metali hizo mbili, chuma kilikuwa kizima. Metali mbili zikiguzana ndani ya maji ya chumvi, moja huliwa kwa ajili ya nyingine. Mwanasayansi Humphry Davy alilitumia jambo hilo mwaka 1824, akafunga vipande vya chuma na zinki juu ya shaba ya manowari ili viliwe badala ya shaba. Shaba iliokoka, ingawa ilipoacha kuliwa, chaza na magugu ya bahari yaliishika. Mwaka 1837 Stanislas Sorel alipata hataza huko Ufaransa ya kukichovya chuma katika zinki iliyoyeyushwa.

Watu wa pwani wana neno linaloifaa sana kazi hii: kafara, yaani kitu kinachotolewa ili balaa likipate chenyewe na kumwacha mwenyewe salama. Zinki juu ya msumari ni kafara. Hata ikikwaruzwa, madhali imebaki karibu, huendelea kuliwa yenyewe kwanza. Metali hii iliingia bara pamoja na mabati ya kuezekea, hasa baada ya kuanza kwa ujenzi wa reli kutoka Mombasa mwaka 1896. Reli hiyohiyo iliufungulia msumari wa kiwandani njia ya kufika kwenye maziwa ya bara.

VI. Kamere

Ziwa Victoria nalo lilikuwa na vyombo vyake vya kushonwa. Mitumbwi mikubwa ya Buganda na visiwa vya Sese, ambayo Stanley aliiona mwaka 1875, ilikuwa ya mbao zilizoungwa kwa nyuzi za mimea. Huko pia sindano ilimwachia nyundo nafasi katika karne ya ishirini. Naivasha ni hadithi nyingine. Uvuvi wake wa biashara ni mchanga, kwa kuwa samaki wenyewe waliletwa: perege kuanzia mwaka 1925, na samaki aina ya basi kutoka Marekani mwaka 1929. Uvuvi wa biashara ulianza mwaka 1959. Baadhi ya wavuvi walitoka pande za Ziwa Victoria, wakaja na ufundi wa mashua ambao tayari ulikuwa ufundi wa msumari. Kwa hiyo Kamere haikupitia zama za kushona. Ilipokea msumari moja kwa moja, bila kupokea sifa wala deheni.

Tunaweza kusema kwamba Kamere imebahatika. Maji ya bahari hupitisha umeme takriban mara mia kuliko maji ya Naivasha, na hewa ya Bonde la Ufa ni kavu kuliko ya Mombasa. Lakini bahati hii hudanganya. Msumari ulio kwenye mstari wa maji hulowa na kukauka kila siku, na hapo ndipo maji na hewa hukutana. Mashua inayolala nusu ufukoni na nusu majini huoza kwa siri, na ziwani humu, wenye viboko na pepo za ghafla za alasiri, ubao unaoachia katikati ya maji si hasara ya ubao peke yake.

Tena Kamere ina adui ambaye pwani haimjui. Karibu nayo kuna Olkaria, ambako visima vya kwanza vya kutafuta mvuke vilichimbwa mwaka 1956, na ambako mtambo wa kwanza wa umeme, wa megawati 15, ulianza kazi mwaka 1981. Mvuke wa ardhini, pamoja na ule unaojitokea wenyewe katika miamba tangu zamani, huchukua gesi ya haidrojeni salfaidi, yenye harufu ya mayai yaliyooza. Gesi hiyo huitia weusi shaba na fedha na kuzila. Kwa hiyo penye mvuke huo hatutazami msumari tu; nyaya na viungo vya shaba vya mitambo navyo vyahitaji kufunikwa.

Dawa pia hazihamishiki kiholela. Kipande cha zinki kinachofungwa chini ya meli ya chuma huilinda vyema baharini, lakini katika maji baridi, yasiyopitisha umeme vizuri, nguvu yake hupungua, na wahandisi hupendelea magnesi. Mwenye boti ya chuma anayenunua Mombasa dawa ya kutumia Naivasha atalipa fedha kwa kinga hafifu. Boti za fibaglasi zinazowabeba watalii zimerudi, kwa njia mpya, kwenye shauri la mtepe: mwili usio na chuma. Hata hivyo, zina parafujo na mashine, na hivyo kutu haijafukuzwa, imehamishwa tu.

Lililo la lazima kwa mwenye mashua ya mbao ni lile walilolifanya mafundi wa jahazi: kuchagua msumari uliochovywa katika zinki, kutouchanganya na shaba, kuuzungushia nyuzi zenye mafuta, na kuipandisha mashua yote nchi kavu kwa wakati wake, ikwanguliwe na kukauka kabla ya kupakwa. Hakuna hata moja katika haya linalohitaji mtambo.

VII. Hitimisho

Tumeona kwamba historia ya kutu katika vyombo vyetu si historia ya watu wasiojua wakifundishwa na wajuao. Mwenye mtepe alikijua chuma akakiweka mahali pake, yaani mkononi mwa fundi. Mwenye jahazi alikiingiza ndani ya chombo akakivika mafuta. Karne za karibuni zimetuletea zinki, ambayo ni kafara njema, lakini zimetuzoeza pia kudhani kwamba kitu kilichonunuliwa hakihitaji kutunzwa.

Kwa wanafunzi wa lugha liko jambo moja zaidi. Maneno sifa, deheni, shahamu na kalafati yamo katika kamusi, lakini vijana wengi, hata wa pwani, hulijua neno sifa kwa maana ya kusifu tu. Wakati huohuo hatujapata neno moja lililozoeleka la kukitaja chuma kilichochovywa katika zinki, na mvuvi wa Kamere hulazimika kukieleza kwa mzunguko au kwa lugha ya kigeni. Neno linapokufa, kazi iliyokuwa ikitajwa nalo hufanywa nusu, kisha huachwa. Ni wajibu wa idara zetu za lugha kwenda magudini Lamu na ufukoni Kamere, kuyakusanya maneno haya midomoni mwa wanaoyatumia, na kuwapa hawa wa ziwani yale ambayo wale wa baharini walikwisha kuyajua. Mashua iliyopandishwa ufukoni leo jioni itashushwa tena alfajiri, na wanaoipanda wanaitegemea misumari wasiyoiona.